Kibofu kinachokurupuka: tunabandika mashine ya TENS kifundoni, hatua kwa hatua

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Leo niko Tanga, nyumbani kwa shangazi yangu, na huo mnaouona kwenye picha ni mguu wake wa kulia. Amekubali nioneshe mguu tu. Sura amesema ni yake na majirani zake.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na katika kazi zote nizifanyazo hii ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu wenye shida hii hawasemi. Shangazi amekaa nayo miaka minne bila kuniambia, na mimi ndiyo kazi yangu! Akibanwa, mkojo haumsubiri afike chooni. Akitia ufunguo mlangoni, umetoka. Akifungua bomba, umetoka. Akitaka kwenda Dar, kuanzia jioni ya jana yake hanywi hata funda la maji, maana basi halisimami kuchimba dawa kwa ajili ya mtu mmoja. Na linalomuuma zaidi ni udhu. Anatawadha, anatandika msala, anarudi kutawadha tena.

Kama hiyo ndiyo hali yako, au ya mama yako, kaa na mimi. Tunapeleka umeme mdogo kwenye mshipa wa fahamu ulioko kifundoni, ili kibofu kitulie.

Kabla sijagusa waya, nisikilizeni. Usianze kabla hujapima mkojo hospitali. Kuna wadudu wa UTI, kuna sukari, kuna kichocho, hasa kwenu mliokulia Kanda ya Ziwa au kwenye mabonde ya mpunga. Vyote hivyo humfanya mtu akimbilie chooni, na kila kimoja kina dawa yake. Ukiona damu kwenye mkojo, zima video hii uende kwa daktari. Mkojo ukigoma kutoka ilhali tumbo limejaa, nenda leo leo, usingoje kesho.

Na wewe dada uliyejifungua kwa uchungu wa muda mrefu, na tangu siku ile mkojo unatiririka mchana na usiku bila hata kubanwa: hiyo huenda ni fistula. Ni tundu, na umeme hauzibi tundu. Fistula inatibika kwa upasuaji, na kwa Dar es Salaam hospitali ya CCBRT inafanya kazi hiyo. Nenda, tafadhali. Usikae ndani.

Wasiotumia mashine hii: mwenye betri ya moyo, mjamzito, mwenye mguu uliovimba na kuuma ambao haujajulikana sababu, na mwenye kidonda pale tunapobandika. Mwenye kifafa aulize daktari wake kwanza. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi naye aulize, kwa sababu asiposikia umeme, ngozi inaweza kuungua bila yeye kujua.

Haya, mashine. Hii inaitwa TENS, ile ile ya maumivu ya mgongo. Inatumia betri, ina waya mbili na pedi za kunata. Pedi zangu ni za sentimita 5 kwa 5. Pini zinaingia hivi, imekwisha.

Sasa mipangilio. Tunaseti mashine nguvu ya umeme ikiwa sifuri. Palipoandikwa Hz tunaweka 10. Ni kasi ya mapigo, yaani mapigo kumi kwa sekunde. Upana wa pigo tunaweka mikrosekunde 200. Na hapa kwenye herufi B, N na M, tunachagua N, umeme wa mfululizo. Mashine nyingine zina programu zilizopangwa tayari, P1, P2, P3. Hizo ziache, tafuta sehemu ya kupanga mwenyewe. Binafsi napendelea hizi za zamani za kuzungusha kwa kidole, kwa sababu mtu wa umri wa shangazi anaona kwa macho namba iko wapi.

Sasa njooni karibu. Simu naisogeza… hapo. Hapa ndipo penye kazi.

Tafuta mfupa wa kifundo, upande wa ndani wa mguu. Wa ndani, unaotazamana na mguu wa pili. Sasa teleza kidole nyuma ya mfupa, kuelekea kwenye kano nene la kisigino. Katikati ya mfupa na kano kuna kibonde. Bonyeza taratibu. Unasikia mapigo ya damu? Tulia, usikandamize. Hayo hapo, tap, tap, tap. Huo ni mshipa wa damu, na neva ya tibia, yaani ule mshipa wa fahamu tunaoutafuta, imelala kando yake, upande wa kisigino. Pedi ya kwanza, yenye waya mweusi, inakaa hapo. Pedi ya pili, yenye waya mwekundu, inapanda sentimita 10 juu, upande huo huo wa ndani, nyuma kidogo ya mfupa wa muundi. Napima kwa futi ya fundi cherehani. Kumi. Nabandika.

Nguvu napandisha polepole. Shangazi, sema ukianza kusikia.

"Naam, kama sisimizi."

Sisimizi ni mwanzo tu, msiishie hapo. Napandisha kidogo tena. Tena. Tazameni kidole gumba cha mguu. Kitazameni… Hakijacheza. Kinachoruka ni nyama ya shavu la mguu, huku juu. Ndugu zangu, hili ndilo nililotaka mlione kwa macho, ingawa sikupanga litokee leo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mgonjwa, mama mmoja, akija kwa daladala mbili kila mara bila kukosa. Nilimbandika, akasema anasikia sisimizi, nikaona shavu la mguu linaruka, nikajua mambo yamekaa sawa. Wiki tano. Hakupata nafuu hata kidogo, na yule mama akaanza kudhani mwili wake ndio mbovu. Mkubwa wangu wa kazi akaniuliza neno moja: kidole gumba kilicheza? Sikuwahi hata kukitazama. Wiki tano nilikuwa nampa umeme wa nyama, si wa neva. Nilimwomba radhi, tukaanza upya. Mpaka leo ninapobandika pedi namkumbuka.

Kwa hiyo: kidole gumba kisipojikunja, au vidole visipotanuka, hujaipata neva. Sisimizi peke yake haitoshi. Shavu la mguu kuruka haitoshi. Usianze kuhesabu dakika.

Nashusha nguvu hadi sifuri. Usibandue pedi mashine ikiwa inafanya kazi, itakushtua. Sifuri kwanza. Sasa nabandua… aa, tazameni pedi hii ilivyoteleza. Shangazi, umepaka nini mguuni?

"Mafuta ya nazi, mwanangu. Nikupe mguu mkavu mbele ya watu?"

Jamani! Haya, mguu unang'aa kweli, lakini mafuta yanazuia umeme na pedi haishiki. Naomba maji na sabuni. Osha, kausha vizuri kwa taulo. Losheni, vaselini, mafuta ya nazi, yote baada ya kazi.

Tumerudi. Mguu umekauka. Natafuta tena mapigo ya damu, na mara hii nasogeza pedi ya chini kidogo nyuma. Upana wa kucha tu. Nabandika, nakandamiza kingo zote nne. Napandisha. Sisimizi? Naam. Naongeza. Inashuka hadi unyayoni? Vizuri sana, ikishuka unyayoni tumekaribia. Naongeza kidogo… Mmeona? Mmekiona? Kidole gumba hicho kinajikunja! Kikiwa bado kigumu, jaribu kubadilisha waya, mweusi juu na mwekundu chini, au rudi kusogeza pedi. Ukiwa na mguu mnene itakuchukua muda, usikate tamaa.

Sasa nashusha kidogo, hadi pale anapousikia vizuri bila kuumia. Kikiendelea kucheza kidogo si neno. Umeme haupaswi kuuma. Anayesema "niongezee, nivumilie, nipone haraka" anajiumiza bure.

Dakika 30. Shangazi anakaa na tasbihi yake. Asilale usingizi, asipike, asiendeshe chombo.

Tukingoja, nijibu swali ninaloulizwa kila siku: kibofu kiko tumboni, mguu unahusikaje? Neva ya tibia inatoka chini ya uti wa mgongo, na sehemu ya mizizi yake ni ile ile inayotoka neva za kibofu, kwenye mfupa wa nyonga wa nyuma. Ukiigonga hapa chini, habari inapanda hadi kituo kile kile kinachoamrisha kibofu kubana. Kituo kikizoea mapigo haya tulivu, kinapunguza kukurupuka. Edward McGuire na wenzake huko Marekani waliandika mwaka 1983 kuhusu kutumia pedi za mguuni namna hii. Baadaye Marshall Stoller, daktari wa njia ya mkojo wa San Francisco, akatengeneza njia ya sindano nyembamba juu kidogo ya kifundo, karibu na pale ambapo matabibu wa Kichina walikuwa wakichoma sindano zao tangu zamani. Mwaka 2000 njia hiyo ya sindano ilipata kibali Marekani. Ipo pia ya kupandikiza kifaa nyuma ya nyonga kwa upasuaji, hiyo ni ya hospitali kubwa na gharama yake si ya mchezo. Pedi ndiyo ya nyumbani.

Mimi wagonjwa wangu nawapa mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Wapo wanaofanya kila siku, nayo ni sawa. Wiki ya kwanza hutaona kitu. Ya pili vilevile. Wanaopata nafuu wengi huanza kuiona kuanzia wiki ya sita hivi, na si kila mtu huipata, nawaambieni ukweli. Ndiyo maana nataka daftari. Siku tatu kabla ya kuanza, andika kila ulipokojoa: saa ngapi, kiasi gani, ulivuja au hukuvuja. Kiasi unapima kwa jagi la plastiki lenye alama za mililita, la kwake peke yake, lisirudi jikoni. Shangazi alianza na mara 14 kwa siku, mililita 90, 110, 80. Leo ni wiki ya saba na jana aliandika mara 9. Usiku ameamka mara moja. Kavuja? "Tone." Tone, kaandika tone.

Na maji usijinyime. Mkojo mzito unakichokoza kibofu zaidi. Kahawa ndiyo upunguze, na hapa tumegombana, maana shangazi na kahawa chungu ya alasiri ni damu moja. Tumekubaliana kikombe kimoja.

Dakika zimekwisha. Sifuri kwanza, nasema tena, sifuri kwanza, ndipo unazima, ndipo unabandua. Shika ukingo wa pedi, usivute waya. Ngozi ikiwa nyekundu kidogo itarudi. Ikiwa na malengelenge, acha, mwone mtaalamu. Pedi irudishe kwenye karatasi yake ya nailoni. Ikikauka, tone moja la maji kwa kidole inanata tena. Ikikataa kabisa, nunua nyingine, na kila mtu awe na zake.

Shangazi, unakwenda wapi?

"Chooni."

Simama kwanza. Usikimbie. Kaza misuli kama unayezuia upepo, hesabu tano, achia, kaza tena. Wimbi limepita? Haya, tembea. Polepole… Mlango huo. Na jagi lako liko juu ya dirisha.

"Mia mbili na arobaini, mwanangu! Na nimefika mkavu!"

Andika, shangazi. Saa tano kasoro kumi, 240.