Namna ya kuacha miti iliyokufa katika msitu unaovunwa

Kuvu, likeni (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja) na kuvumwani (mimea midogo ya kijani inayotandaa kama zulia, kwa Kiingereza moss) nyingi haziishi pasipo mti uliokufa, na msitu uliosafishwa mno huzinyima makazi. Beba utepe wa kupimia, kisu, rangi ya kupuliza na daftari.

Anza kabla misumeno haijawashwa. Kila mti mkavu utakaobaki upigie alama pande mbili. Alama ya upande mmoja haisaidii: dereva wa mtambo akitokea upande wa pili haioni. Mti ulio karibu na njia ya watu usiachwe umesimama. Uangushe, gogo libaki papo hapo.

Zungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini. Mzingo ukifika sentimita 94, kipenyo ni 30, na huo ni mti wa kuacha. Vijiti navyo vina kuvu zake, lakini hukauka upesi, ilhali gogo nene hutunza unyevu kwa miaka mingi.

Sasa mahali, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: magogo yote yanarundikwa juani. Kuvumwani zinataka gogo lililolala kivulini, limegusana na udongo. Likeni nyingi za mbao kavu zinataka shina lililosimama, limebanduka gome, linapata mwanga. Gogo moja haliwezi kuzitosheleza zote, kwa hiyo acha ya aina zote mbili. Umekosa mkavu uliosimama? Chagua mti hai, ukate kwa juu, mita 3 hadi 4 kutoka ardhini, kisiki kirefu kibaki.

Ujazo: kipenyo cha katikati ya gogo, kwa mita, zidisha kwa chenyewe, halafu kwa 0.785, halafu kwa urefu. Gogo la sentimita 40 lenye urefu wa mita 5 ni kama mita za ujazo 0.63. Katika misitu ya Ulaya hupendekezwa mara nyingi mita za ujazo 20 hadi 50 za miti iliyokufa kwa hekta.

Chomeka kisu kwenye gogo ujue limeoza kiasi gani. Kikigoma, mti bado mbichi kwa kuvu nyingi. Kikizama, uozo umekolea. Ukiona vipande vya kahawia vilivyopasuka pembe nne, kuvu imekula selulosi, yaani nyuzi zinazojenga mbao. Nyuzi nyeupe laini zinaonyesha kwamba lignini, kitu kinachozishikamanisha nyuzi hizo na kuzipa ugumu, nayo imeliwa. Kila uozo una wageni wake, ndiyo maana kila mavuno yaache magogo mapya bila kugusa ya zamani.

Gogo lililokwisha kuota kuvumwani usiligeuze wala usilipitie kwa magurudumu. Likigeuka, kuvumwani zinabanwa chini, zinakosa mwanga na kufa.