Paje kwa shilingi: uliza mwezi kwanza

BARAKA: Basi nimeshuka ufukweni saa nne asubuhi, taulo begani, nimejipaka mafuta mpaka masikioni. Bahari haipo.

SALMA: (anacheka) Imekwenda wapi?

BARAKA: Haipo, dada Salma! Mchanga, mchanga, mchanga, halafu kule mbali kabisa ndiyo unaona mstari mweupe, mawimbi yanapasuka kwenye mwamba. Na mimi nimeshalipia somo la kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara kubwa juu ya maji, la saa hiyo hiyo.

SALMA: Usiku wake mwezi ulikuwaje?

BARAKA: Ndiyo swali aliloniuliza yule mama wa chapati! Nikamwambia, mama, mimi nimefuata upepo, mwezi wa nini?

SALMA: Mtu wa bara wewe. Ulikuwa mpevu?

BARAKA: Mpevu kama sinia.

SALMA: Basi bamvua hilo. Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo tupo Paje, kusini mashariki mwa Unguja, na mwenzangu hata salamu hajatoa, ameanza kwa kulia.

BARAKA: Habari zenu. Nimelia kwa sababu ya hela. Niambie hiyo bamvua.

SALMA: Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu siku hizo yanakauka mnamo saa nne asubuhi, yanajaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku yanachelewa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja unaingia kwenye maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na ile saa nne yako ungeyakuta yamejaa. Hakuna programu ya simu hapo. Unatazama juu.

BARAKA: Kwa hiyo mimi nimelipia somo, nusu yake nimetembea kufuata maji.

SALMA: Tena bila viatu, nakujua.

BARAKA: Bila viatu. Kuna viumbe vya miiba mle kwenye majani, sitaki hata kukumbuka.

SALMA: Yeboyebo, kaka. Kila duka la kijijini wanauza. Lakini hebu tuanze na safari, maana watu wanadhani lazima uchukue teksi.

BARAKA: Mimi nilitoka Dar kwa boti, safari ya kama saa mbili hivi, nikashuka bandarini Malindi. Madereva wakanizunguka, kila mmoja anataja dola. Mtanzania mwenzangu ananitajia dola! Nikaulizia daladala.

SALMA: Ya Bwejuu au ya Jambiani, zote mbili hupita Paje.

BARAKA: Nikapata ile ya ubavu wazi, mnakaa mkitazamana, juu kuna magunia na godoro la mtu. Ni kama kilomita 50, lakini inasimama kila penye mti. Mimi nilifurahi, sikuona haja ya haraka.

SALMA: Na mnapita Jozani. Wale kima punju asili yao ni Unguja tu, na siku nyingine unawaona bure kabisa barabarani.

BARAKA: Niliwaona! Kwa wenye pasipoti za nje je? Maana tuna wasikilizaji Muscat, Toronto, huko.

SALMA: Wao wapange na bima ya lazima ya dola 44, imeanza Oktoba 2024. Ukija na kitambulisho cha Tanzania haikuhusu.

BARAKA: Sasa Paje yenyewe. Mimi nimegundua jambo moja: mji ule unagawanywa na barabara. Upande wa bahari unahesabiwa dola. Vuka barabara, ingia kijijini, shilingi. Chapati mbili, maharage ya nazi, chai ya tangawizi, nilitoa noti ya elfu tano nikarudishiwa chenji. Glasi moja ya juisi kule mchangani ilizidi chakula changu cha siku nzima.

SALMA: Na gesti vilevile. Lala kijijini, dakika chache unafika pwani. Ila ukivuka kurudi, jisitiri. Dada jifunge kanga, kaka vaa shati. Kile ni kijiji cha watu, kina misikiti na wazee wamekaa barazani.

BARAKA: Na hiyo kaiti?

SALMA: Sisi tuliita tiara, za karatasi na njiti za ukuti. Hizi za wakubwa zinataka pesa. Kozi nzima ya mwanzo ni mamia ya dola, na vifaa hukodishwi kama hujui. Mimi nasema hivi: kama bajeti yako ni laki mbili, safari hii kaa mchangani utazame. Kutazama ni bure, na wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, mwezi wa sita mpaka wa tisa, anga lote linajaa rangi.

BARAKA: Kaskazi je?

SALMA: Desemba mpaka Februari, Machi hivi, upepo unarudi kutoka upande wa pili. Ndiyo hizo pepo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni kwa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi. Masika vyumba vinashuka bei, lakini utalala ukisikiliza mvua.

BARAKA: Mimi lile jangwa la saa nne mwishoni nililipenda. Nilikodi baiskeli, mchanga umekaza kama lami, nikaenda mpaka Jambiani bila kugusa barabara.

SALMA: Hukukanyaga mashamba ya watu?

BARAKA: Nusura. Nikaona vijiti vimepangwa safu, kamba katikati, mama mmoja akanipigia kelele.

SALMA: Mwani huo. Kilimo chake cha biashara kilianzia huko huko Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaolima ni wanawake. Bahari imepata joto, ile aina yenye bei nzuri ikawa inakufa, wamebaki na ile ya bei ndogo. Maji yakikupwa wewe unasema bahari imekimbia, wao ndiyo wanaingia kazini. Kwenye bamvua hasa.

BARAKA: Kumbe yule alinipigia kelele ofisini kwake.

SALMA: Na baiskeli yako juu ya meza!

BARAKA: Nilimwomba radhi. Halafu saa tisa nikarudi kwa mwalimu wa kaiti, akanihurumia, akanipa saa moja. Maji kiunoni, upepo wa kusi umekaza.

SALMA: Ukasimama juu ya ubao?

BARAKA: Dada, nimekunywa chumvi ya mwaka mzima. Jioni nimevuka barabara nimelowa chepechepe, yule mama wa chapati ananitazama, ananiuliza, "Haya, umeiona?"