Shemeji, Hiyo Nyonyo ya Nini? Pikipiki ya mashindano kutoka mnadani

IDRISA: Asalaam aleikum, mpo nasi tena. Mimi Idrisa, niko Coventry, Uingereza, shemeji yangu Mwanaidi yuko Tanga.

MWANAIDI: Na umeme upo, kwa hiyo twende haraka kabla haujabadili mawazo. Shem, dada yangu kanipigia Jumapili usiku. Anasema mumewe kaingia ndani ananuka mafuta ya nyonyo. Ananiuliza mimi: huyu kaanza kuotesha nywele?

IDRISA: (anacheka) Mwambie nywele zilishaaga. Nimetoka mnadani, nimenunua Greeves Silverstone.

MWANAIDI: Wazoefu wetu wanajua ukienda mnadani kinachofuata ni kikao cha familia. Haya, Greeves ndiyo nini?

IDRISA: Kiwanda kidogo cha Thundersley, Essex. Mwenyewe Bert Greeves alikuwa na binamu aliyepooza, Derry Preston-Cobb. Akamfungia injini kwenye kiti chake cha magurudumu. Hapo ndipo ilipoanzia Invacar, vile vigari vya walemavu, na pikipiki zikaja baadaye. Silverstone ilitoka 1963. Cc 250, silinda moja, mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli kama Vespa za zamani. Mwaka 1964 Gordon Keith akashinda nayo Manx Grand Prix daraja la 250 kule Kisiwa cha Man, na 1965 Dennis Craine akashinda tena kwa Greeves. Duara moja la kule ni kilomita 60, barabara za kawaida, kuta za mawe pembeni.

MWANAIDI: Kutoka kiti cha mgonjwa hadi kuta za mawe. Sawa. Nyonyo imeingilia wapi?

IDRISA: Enzi hizo wakimbiaji wengi walitumia Castrol R, mafuta ya mbegu za nyonyo. Chuma kikipata moto mkali, mafuta mengine yanakimbia, nyonyo inabaki imeng'ang'ania. Na harufu ya moshi wake ndiyo inayowatoa wazee machozi kwenye viwanja vya mashindano.

MWANAIDI: Subiri. Bibi alitunywesha nyonyo kijiko kimoja kusafisha tumbo. Kijiko kimoja, Idrisa! Sasa naelewa kwa nini zile pikipiki zilikimbia.

IDRISA: Shem...

MWANAIDI: Dereva hakimbilii kombe. Anakimbilia choo.

IDRISA: Tusonge mbele. Leo tulipanga mambo ya kukagua kabla hujanyanyua mkono mnadani, na la kwanza...

MWANAIDI: La kwanza ni choo kiko wapi.

IDRISA: La kwanza ni namba! Namba ya fremu na ya injini zilingane na makaratasi ya kiwanda. Pikipiki za mashindano zilikuwa zikibadilishwa injini kama nguo. Halafu kuna ada ya mnunuzi. Ukisikia nyundo imegonga, usidhani ndiyo bei. Juu yake kuna asilimia ya mnada, na asilimia ile nayo ina kodi yake.

MWANAIDI: Yako inawaka?

IDRISA: Haizunguki kabisa. Nyonyo ikikaa miaka kwenye hewa inaganda kama vanishi. Ringi zimegandia kwenye silinda. Lakini nyonyo inayeyuka kwenye spiriti, kwa hiyo namwaga spiriti kupitia tundu la plagi, naiacha ilale, kesho yake naijaribu taratibu. Nyundo marufuku.

MWANAIDI: Yaani nyonyo imefunga choo. Dunia imegeuka.

IDRISA: Hutaacha leo.

MWANAIDI: Siachi. Na rangi je? Nimeona picha. Imebabuka, faringi, lile ganda la mbele la kukata upepo, ina mikwaruzo upande mzima, namba ya mashindano imefutika nusu. Utaipiga rangi lini?

IDRISA: Siipigi.

MWANAIDI: Unasema?

IDRISA: Injini naifungua yote. Beringi mpya, sili mpya, breki salama. Lakini mikwaruzo ile ni mtu alianguka, akasimama, akaendelea. Rangi mpya naweza kupiga siku yoyote. Nikishaikwangua hii ya zamani, hairudi.

MWANAIDI: Ya zamani ipi? Wale wakimbiaji walikuwa wakizipaka upya msimu hadi msimu. Huyo aliyeanguka angepata pesa ya rangi angeipaka Jumatatu. Unalinda umaskini wake unauita historia.

IDRISA: Hapana, hiyo siyo haki.

MWANAIDI: Huku kwetu jahazi ubao ukioza unang'olewa, unapigwa mwingine, linapakwa sifa, yale mafuta ya papa, linarudi majini. Hakuna anayesema acheni uozo tuukumbuke.

IDRISA: Jahazi linarudi kazini, shem. Hii kazi yake imekwisha. Ninachonunua ni ushahidi.

MWANAIDI: Kama kazi imekwisha, beringi mpya za nini?

(kimya)

IDRISA: Ili iwake.

MWANAIDI: Ikiwaka iko kazini. Ipake.

IDRISA: Naikataa hoja. Chombo kinaweza kuwaka na bado kikawa ushahidi.

MWANAIDI: Na mimi naikataa yako. Wasikilizaji watatuma sauti, tutawasikiliza, na sitabadilika.

IDRISA: Wala mimi. Tangi je, unataka nalo nilipake? Mwenye nayo wa zamani alifunga la faiba, na petroli ya kawaida ya hapa, tangu 2021, ni E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia kumi. Ethanoli inalainisha faiba ya aina ile, mabaki yanaingia kwenye kabureta.

MWANAIDI: Hilo zungumza, lina maana.

IDRISA: Basi kuna namna mbili, ya kwanza unatafuta petroli isiyo...

MWANAIDI: Shem, dakika zimeisha. Mhariri ananionyesha mkono.

IDRISA: Sijafika hata jambo la tatu! Kuna sehemu za magnesiamu, kuna spea, kuna usafiri...

MWANAIDI: Tulipitisha robo saa kwenye tumbo la bibi, ungetaka nini? Wiki ijayo tuna fundi wa bodaboda kutoka Muheza, ana kesi na mteja wake kuhusu klachi. Idrisa, aga watu.

IDRISA: Kabla sijaaga, mtu akiwa na krenki ya Greeves popote...

MWANAIDI: Kwaherini!