Kebo ya Mtandao: Ipimeni Kabla Haijaingia Ukutani

Ndugu zangu mafundi na wenye nyumba, tazameni kipande hiki. Kwenye ganda pameandikwa Cat 6, yaani daraja la sita la kebo za mtandao. Nakwangua waya mmoja kwa kisu: juu mwekundu, ndani mweupe. Hiyo ni alumini iliyovikwa shaba. Viwango vya kebo za mtandao vinataka shaba tupu, kwa hiyo jina lililoandikwa hapa si lake.

Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba. Ukinzani wa waya huu unazidi ule wa shaba ya unene uleule kwa zaidi ya nusu. Kompyuta inaweza kufanya kazi bila tatizo, nanyi mkaridhika. Fungeni sasa kamera inayopata umeme kwa kebo hiyohiyo. Volti zinapotea njiani, kebo inapata joto, na usiku, kamera inapowasha taa zake, inajizima. Tena alumini haivumilii kukunjwa. Hukatikia pale nyuma ya soketi. Ndani ya kebo nyaya zimesokotwa mbilimbili, jozi 4. Jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, mara nyingi kasi hushuka kutoka megabiti 1000 kwa sekunde hadi 100, maana 1000 hudai jozi zote 4 na 100 hutosheka na 2.

Msitegemee testa ya vitaa. Hiyo huonyesha tu kwamba waya umefika, haijui ni waya wa nini. Chukueni multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Fungueni boksi, mzifikie ncha zote mbili. Ncha moja, menyeni nyaya 2 za jozi moja mzisokote pamoja. Ncha ya pili, pimeni omu, yaani kipimo cha ukinzani, kati ya nyaya hizohizo. Kwa boksi zima la mita 305, shaba nzuri husoma kati ya 40 na 53 hivi, kutegemea unene, na kiwango hakiruhusu kuvuka 57. Mkiona 65 au 80, boksi lirudi dukani. Ila kwanza someni namba za mita zilizochapwa kwenye ganda, mwanzo na mwisho, kwani boksi lililopunjwa urefu litawapa omu chache na kuwadanganya.

Zile kebo bapa, nyembamba kama utepe, zibaki mezani. Zisipite ukutani kabisa.

Iliyofaulu ivuteni taratibu, bila kuikunja kwa pembe kali, na kwenye soketi msifumue msokoto wa jozi kupita milimita 13.