Mhudumu Aliyeomba Radhi

Waliokwisha kunisikia nikilizungumzia jambo hili la watu kuonana kwa mitambo bila kukutana wanisamehe au wasinzie, kwa kuwa leo pia naanza na hadithi ileile ya mwaka 1909, The Machine Stops, ambamo Mwingereza E. M. Forster, kabla ya kuwapo televisheni wala kompyuta, aliwabuni wanadamu waishio chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, wakilishwa na kutibiwa na Mtambo mmoja.

Mama mmoja, Vashti, anajuana na watu elfu kadhaa, na huwahutubia bila kuondoka kitini (mihadhara yake ni ya dakika kumi; naona mnawaonea gere wasikilizaji wake). Bamba la duara linawaka mwanga wa buluu, na ndani yake yumo mwanawe Kuno, aliye upande wa pili wa dunia, akimsihi aje. Mama anashangaa: si tunaonana? Mwana anajibu kwamba anachokiona ni kitu kilichofanana naye, si yeye. Mwishowe mama anasafiri, na ndani ya chombo cha angani anayumba. Mhudumu ananyoosha mkono kumdaka, naye anafoka kwa kuguswa. Mhudumu yule anaomba radhi kwa kutomwacha aanguke! Hapo ndipo ninapokwama kila mwaka, na sioni haya.

Najua atasimama mtu aulize kama nataka tuzime simu, ilhali wanetu wako Maskati na Minneapolis. Sikusema hivyo, wala Forster hakusema, maana Kuno alimwita mamaye kwa Mtambo huohuo. Kosa la Vashti si kulitazama bamba, bali ni kuridhika nalo, hata akaiona safari ya kumfuata mwanawe kuwa usumbufu. Mzazi anayemaliza maongezi ya video kwa kuuliza "utakuja lini?" hajafika huko, asiyeuliza tena ndiye ninayemhofia.

Nilikusudia kumleta pia mwandishi Mmarekani Ray Bradbury na yule mke wa riwaya yake ya mwaka 1953, Fahrenheit 451, anayelala na redio ndogo masikioni, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi niseme tu kwamba Mtambo haukuvunjwa na adui. Ulichakaa. Muziki ulianza kutoa mkoromo, Vashti akaipelekea malalamiko kamati ya matengenezo, na siku zilivyopita akauzoea mkoromo ule, akauhesabu kuwa sehemu ya wimbo.