Ngonjera Ilivyotufundisha Kusikilizana

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, wakubwa zangu shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie maonyesho ya shule tulipokuwa wadogo. Nitasema machache kuhusu ngoma na kwaya, kisha muda uliobaki niutumie kwenye ngonjera, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Nimesoma shule ya msingi Dodoma, miaka ya 1980. Siku ya wazazi, uwanja wa mbele ya ofisi ndio uliokuwa jukwaa. Wageni waliketi chini ya turubai, sisi tulisubiri juani. Ngoma zilikuwa zimeshaoteshwa moto wa nyasi ili ngozi ikaze. Wasichana walipiga muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, wameibana mapajani, na bibi zao pale uwanjani walishindwa kukaa. Walisimama, wakaingia katikati, wakawatunza wajukuu kwa sarafu na kwa vigelegele.

Hilo halikutokea hivi hivi. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba waliosoma walifundishwa nyimbo na dansi za Wazungu, huku wachache tu wakijua ngoma zetu kama gombesugu, mangala, kiduo au lelemama. Akaunda wizara ya utamaduni. Matunda yake sisi tuliyaona kwa macho: ngoma ya bibi iliingia shuleni kwa mlango wa mbele, na mwalimu mkuu akaipigia makofi.

Kwaya nayo ilikuwepo, sauti nne, do-re-mi ubaoni. Tuiache hapo.

Sasa ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Nyerere aliwaita washairi akawaomba waupeleke ujumbe wa Azimio kwa wananchi. Aliyeitikia kwa nguvu zote ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa kwetu Dodoma, kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA. Alichukua shairi lenye mizani, yaani silabi, kumi na sita na vina viwili kila mstari, akaligawa kwa watu wanaobishana: mmoja hajaelewa, mwenzake anamwelewesha. Mnyampala alifariki 1969, lakini shule zilikuwa zimeshaipokea ngonjera, na ilipotufikia sisi ilikuwa kama chaki, huwezi kuiwazia shule bila hiyo.

Yetu ilihusu mjini na shamba. Beti zake zilikwenda namna hii:

Wewe ndugu wa shambani, jembe lako limechoka,
Njoo tukae mjini, taa huko zinawaka.

Na upande wa pili ukajibu:

Chakula chako mezani, jembe hili limeweka,
Likibaki ukutani, mjini mtateseka.

Tazameni kilichofanyika hapo. Wa kwanza amemaliza kwa *ni* na *ka*. Wa pili hana ruhusa ya kuvikimbia vina hivyo. Atapinga, lakini atapinga ndani ya vina vya mwenzake. Kwa hiyo tulilazimika kuzijua beti za wapinzani kama tunavyozijua zetu. Na mwalimu alitugawa makusudi: mtoto wa mkulima akapewa kuutetea mjini, autetee kwa dhati, huku baba yake anamtazama.

Darasani kwetu alikuwepo kijana mwenye kigugumizi. Kusoma kwa sauti kulimtesa. Ila kwenye ngonjera mizani ilimbeba. Maneno yalitoka yamenyooka, na uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza. Mama yake alilia. Sijaona dawa nyingine iliyomfaa vile.

Kuna kasoro, nayo lazima niitaje. Ngonjera nyingi za wakati ule zilitungwa na walimu, na mwisho wake ulijulikana: aliyepotoka anakubali, wote wanakisifu Chama tawala. Ubishi ulikuwa na mshindi kabla haujaanza. Hilo sililii.

Ninacholilia ni hiki ninachokiona kwenye mahafali mengi ya siku hizi. Spika kubwa mbili, muziki wa kurekodiwa, watoto wanachezesha midomo na viuno. Watoto wale wana vipaji, na muziki ule naupenda. Lakini mzazi anarudi nyumbani bila kuisikia sauti ya mwanawe hata kwa dakika moja.

Ombi langu kwenu walimu ni dogo. Muhula ujao, chukueni darasa la tano, mkaligawe mara mbili. Wapeni jambo wanalobishania wenyewe: simu kwa watoto, mifugo na mashamba, masomo ya jioni. Watunge wao, nyinyi kazi yenu iwe kuhesabu mizani na kusahihisha vina. Msiwaambie nani atashinda. Halafu siku ya wazazi, wapeni nafasi kabla ya risala, wakati mgeni rasmi bado yuko macho na wazazi hawajaanza kuangalia saa.

Nawashukuru. Nitapokea maswali, tuanze na wanafunzi.