Makaburi ya masista yaliyomezwa na majani: kitabu kabla ya panga

Ndugu wasikilizaji, walezi wa nyumba za kitawa, na nyinyi nyote mliofika hapa kwa sababu mna eneo la namna hii mikononi mwenu na hamjui mlishike wapi, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa kunong'ona, yaani makaburi ya watawa wa kike ambayo nyumba yao imefungwa, lango limeshika kutu, na majani yamepanda hata misalaba haionekani. Anayefika mahali hapo kwa mara ya kwanza hutamka neno moja, uzembe, kisha huuliza panga liko wapi. Nitawaomba msiharakishe kulitamka neno hilo, na panga mliache kando kwa muda.

Kaburi la kawaida hutunzwa na uzao. Mtoto hupalilia kaburi la mama yake, mjukuu hukumbuka la bibi, na uzao unapokoma au kuhama, nyasi huingia. Mtawa aliuacha uzao huo kwa hiari siku alipoweka nadhiri, akaahidiwa ukoo mwingine: masista watakaomfuata ndio watakaomzika, watamwombea na kulifagia kaburi lake. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa uaminifu ambao sisi tulio nje hatuuoni. Katika monasteri ya Waklara, watawa wa kike wa shirika la Mtakatifu Klara, kwenye ngome ya kisiwa cha Ischia, Italia, iliyofungwa mwaka 1810, marehemu hawakufukiwa ardhini kwanza. Walikalishwa juu ya viti vya mawe ndani ya chumba cha chini mpaka miili ikayeyuka, na walio hai waliteremka humo kila siku kusali mbele yao. Desturi hiyo inatushtua leo, lakini inaonyesha kwamba kwao sista aliyekufa aliendelea kuhesabiwa kuwa mwanajumuiya. Kwa hiyo mwanajumuiya wa mwisho anapohamishiwa nyumba ya wazee, au anapozikwa yeye mwenyewe, ni ukoo mzima unaokoma, na hapabaki jirani wala binamu wa kushika jembe.

Ukoo huo umekuwa ukikoma kwa njia mbili. Njia ya zamani ilikuwa amri ya serikali: Mfalme Joseph II alifunga nyumba za watawa wa sala katika nchi za Austria kuanzia mwaka 1782, Ufaransa ikafuata wakati wa Mapinduzi yake, Hispania mwaka 1836, Italia mwaka 1866, na kila mara ardhi iliuzwa na wafu wakabaki chini ya mmiliki mpya. Njia ya leo ni ya polepole na haina adui. Marekani ilikuwa na masista karibu 180,000 mwaka 1965 na sasa hawafiki 40,000. Duniani kote walizidi kidogo milioni 1 mwaka 1970, na leo ni karibu 600,000, ingawa Afrika na sehemu za Asia idadi yao imepanda. Waraka wa Vatikano wa mwaka 2018 uitwao Cor Orans unasema kwamba monasteri yenye kujitegemea, masista wake wenye nadhiri kuu wakishafikia watano tu, hupoteza haki ya kujichagulia mama mkuu. Watano hawawezi kuimba vipindi vyote vya sala, kuwauguza wagonjwa wao, na bado kufyeka nusu ekari ya makaburi. Ndiyo maana nimewaomba msiseme uzembe.

Sheria ya Kanisa haikuyasahau makaburi haya, ila hukawia kufika. Kanoni ya 1241 inayaruhusu mashirika ya kitawa kuwa na makaburi yao wenyewe, na kanoni ya 1212 inasema kwamba mahali patakatifu hupoteza hadhi hiyo pakiharibiwa kwa sehemu kubwa, au pakigeuzwa kwa kudumu kwa matumizi ya kidunia, iwe kwa tamko au kwa hali halisi. Majani basi hayaondoi baraka, na makaburi yaliyogeuka kichaka bado ni mahali patakatifu. Nyumba inapofungwa, kanoni ya 616 inaiachia sheria ya ndani ya shirika kupanga mali yake, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu mali huorodheshwa kwa thamani yake, na kona isiyouzika huandikwa mwisho au isiandikwe kabisa. Nimeshika hati moja ya mauzo, ambayo siitaji ni ya wapi, iliyohesabu mabomba, vitanda na kengele, huku makaburi yakitajwa kwa maneno matatu: eneo la nyuma.

Sasa tuingie ndani, tukikanyaga kwa uangalifu. Kinachoonekana kwanza majani yanapofunuliwa ni ulinganifu: misalaba ya chuma au ya saruji ya kimo kimoja, iliyopangwa kwa mistari kama masista walivyosimama kwaya. Katika nyumba nyingi waliozikwa wamefuatana kwa tarehe ya kufa, bila kujali cheo, hata mama mkuu aliyetawala miaka ishirini akalala kati ya mpishi na mlinda lango. Hakuna aliyejichagulia jirani. Kwa hiyo ukiisoma mistari kutoka msalaba wa kwanza unasoma historia ya nyumba bila kuhitaji mwandishi. Mwanzoni utakuta wasichana wa miaka ishirini na kitu, kwa kuwa kifua kikuu kiliingia kirahisi katika mabweni yenye baridi na chakula cha kufunga. Teresia wa Lisieux, aliyekufa kwa ugonjwa huo mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alikuwa mmoja wa wengi, tofauti ikiwa kwamba kaburi lake halikupata nafasi ya kuota majani kwa wingi wa mahujaji. Katika nyumba za wauguzi utakuta tarehe za 1918 zikikaribiana kupita kiasi, na hiyo ni homa kuu ya mafua. Kisha umri hupanda, themanini, tisini, na nafasi kati ya kifo na kifo hupungua tena, safari hii kwa sababu waliobaki wote ni wazee.

Jina nalo lisomwe kwa makini. Palipoandikwa Sista Maria wa Moyo Mtakatifu, hilo ni jina la utawa, na kwa kawaida jumuiya moja haikuwa na wawili wenye jina lile lile kwa wakati mmoja, lakini jina lingeweza kupewa novisi mpya, yaani msichana aliye katika malezi ya utawa, baada ya mwenyewe kufa, hivyo makaburi mawili yakawa na jina moja kwa umbali wa miaka thelathini. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960, masista wengi walirudia majina yao ya ubatizo. Ndugu wa damu anayekuja kumtafuta shangazi kwa jina la nyumbani anaweza kupita juu yake mara tatu asimwone. Nimeshuhudia mtu akilia kwenye kaburi ambalo halikuwa la ndugu yake, na sikuwa na uhakika wa kutosha kumsahihisha papo hapo; nilikuja kuwa nao wiki mbili baadaye, kitabu kilipopatikana.

Kitabu ninachokisema ni nekrolojia, daftari la marehemu wa nyumba. Kila ukurasa una siku ya mwaka, na chini ya siku huandikwa waliofariki tarehe hiyo: jina la utawa, mara nyingi na jina la ubatizo, mwaka wa nadhiri, umri, pengine mstari mmoja juu ya kazi yake au subira yake katika ugonjwa. Kilisomwa kwa sauti siku baada ya siku, hata kila sista akatajwa mara moja kwa mwaka. Kwa maoni yangu makaburi ya masista ni nusu ya kitu kimoja na kitabu hiki ni nusu ya pili, na kati ya hizo mbili iliyo hatarini zaidi ni kitabu. Majani huficha msalaba lakini hayamwondoi aliye chini yake. Daftari likitupwa na takataka za ofisi siku ya kuhama, misalaba iliyooza haina tena wa kuitafsiri. Kwa hiyo, kabla ya kununua panga, mwandikie mama mkuu wa shirika, mwandikie mtunza kumbukumbu wa jimbo la Kanisa, tafuta nekrolojia, ramani ya mazishi, na daftari la nadhiri. Ukipata kimoja tu kati ya hivyo, umeshafanya kazi ngumu kuliko kufyeka.

Gharama ya kulikosa daftari ilionekana Dublin, Ireland, mwaka 1993. Watawa wa konventi, yaani nyumba ya watawa wa kike, ya High Park waliuza sehemu ya ardhi yao, na ndani yake mlikuwa na makaburi, si ya masista bali ya wanawake waliotumikishwa katika nyumba ya kufulia nguo ya konventi hiyo. Kibali kiliombwa cha kufukua miili 133. Wafukuaji wakakuta mingine 22 ambayo karatasi hazikuitaja, na vyeti vya vifo vya wengi havikupatikana. Mabaki yalichomwa, yakazikwa upya katika makaburi ya Glasnevin. Ninakitaja kisa hiki mbele ya watunzaji wa makaburi ya masista kwa makusudi, kwa kuwa penye konventi moja mara nyingi pana wafu wa namna mbili, na ni wale wasiokuwa na nadhiri ambao huandikwa kwa uzembe. Hapo neno hilo nalikubali.

Makaburi ya Picpus, Paris, yanaonyesha upande mwingine. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, watu 1,306 waliokatwa vichwa walitupwa humo katika mashimo mawili, wakiwamo watawa wa kike 23, na kati yao Wakarmeli 16 wa Compiègne waliouawa tarehe 17 Julai, ambao Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu mwishoni mwa mwaka 2024. Wauaji hawakuacha msalaba hata mmoja. Miaka miwili baadaye binti mfalme mmoja, ambaye kaka yake alikuwa shimoni humo, alilinunua eneo hilo kimyakimya. Baadaye familia zilichangishana, na shirika la watawa likaja kukaa jirani na kusali. Huwezi kuonyesha ni mfupa upi wa nani, lakini majina yamehifadhiwa na mahali panatunzwa hadi leo.

Tukishapata daftari, turudi kwenye majani, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu makosa ni machache na ni yale yale. Mmea unaotambaa usivutwe ukiwa hai, maana mizizi yake imeshika viungo vya jiwe na itatoka navyo. Ukate shinani, uuache ukauke, ndipo uuondoe. Mti ulioota juu ya kaburi hukatwa, haung'olewi. Sumu ya magugu, brashi ya waya na dawa za klorini zisikaribie marumaru. Maji safi na brashi laini vinatosha, na maandishi yaliyofifia husomeka kwa mwanga wa tochi unaotoka ubavuni. Palipobonyea ardhini, hata bila msalaba, hesabu kwamba pana mtu. Wala msiondoe kila kitu kijani. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini mmea mfupi wa vinka, wenye maua ya buluu, ulipandwa makaburini kwa makusudi, na leo zulia lake huonyesha mpaka wa eneo baada ya uzio kuanguka.

Jambo langu la mwisho ni lile eneo tupu mwishoni mwa mstari. Karibu kila makaburi ya masista niliyoyatembelea yalipimwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokuja kuzikwa, kwa kuwa waliopima waliona unovisi umejaa na hawakuwazia kwamba ungekauka. Mnunuzi atapaona hapo kwanza, atauliza kama pana mtu, na mtajibu kwa haraka kwamba ni tupu. Msijibu kabla ya kuhesabu majina ya daftarini na kuyalinganisha na misalaba, kisha kupitisha rada ya kupenya ardhini, nayo isomwe na mtu anayeifahamu, kwani huonyesha udongo uliowahi kuchimbwa zaidi kuliko mifupa, na katika udongo wa mfinyanzi huona kwa shida. Hesabu zikitofautiana hata kwa jina moja, lango libaki limefungwa mpaka sista huyo apatikane.